Rupia moja, bei tatu

"Kwacha leo ngapi?"

Hilo ni swali la kwanza utakalolisikia ukifika mpakani, iwe Kasesya au Tunduma. Sisi wa Rukwa tumekulia kwenye fedha mbili. Hapa kwetu Izia, Sumbawanga, mfanyabiashara anayevuka kwenda Mbala huulizia bei ya kwacha kabla hajaulizia bei ya mahindi. Na tunavyoizungumzia bei hiyo, utadhani ni mvua. Kwacha imepanda. Dola imeshuka. Hakuna aliyeipandisha wala aliyeishusha, imepanda tu yenyewe kama mawingu ya Novemba.

Mimi nina wasiwasi na maelezo hayo, na leo naomba niwaeleze kwa nini. Ushahidi wangu ni wa zamani: ni habari za fedha mbili za Asia zilizowahi kutawala mifuko ya babu zetu, reale ya Waarabu na rupia ya Wahindi. Tuvumiliane na hesabu kidogo. Si ngumu, na mwisho wake kuna damu.

Kwanza reale. Ilikuwa sarafu kubwa ya fedha (hapa nasema fedha yale madini meupe, ambayo ndiyo asili ya neno letu) yenye sura ya Maria Theresa wa Austria. Mama huyo alifariki mwaka 1780, lakini sarafu iliendelea kutengenezwa miaka na miaka ikiwa na tarehe ileile ya 1780, kwa sababu wafanyabiashara wa Uarabuni walikuwa wameizoea na hawakutaka nyingine. Ilizaliwa Ulaya, makazi yake yakawa Maskati na Bahari ya Sham, na kwa majahazi ikafika Unguja. Rupia nayo ilitoka India pamoja na Wahindi waliokuwa wakikopesha na kuuza nguo huku pwani.

Sasa reale moja ilikuwa rupia ngapi?

Ukienda kwa uzito, jibu ni rahisi. Reale ilikuwa na gramu 28, na ndani yake fedha safi gramu 23.4 hivi. Rupia ilikuwa na gramu 11.66, fedha safi gramu 10.7 hivi. Gawanya: reale moja ni sawa na rupia 2.19. Lakini katika hesabu za Unguja reale ilihesabiwa pesa 136, na rupia pesa 64. Gawanya tena: rupia 2.125, yaani rupia 2 na ana 2, maana rupia ilikuwa na ana 16. Tofauti kati ya majibu hayo mawili ni ana moja hivi kwa kila reale. Ni kidogo, lakini mwenye kupokea reale elfu kwa hesabu ya Unguja na kuziuza kwa uzito Bombay angepata rupia 60 na ushee, ukitoa gharama za jahazi. Aliyeuza pembe au karafuu na kulipwa papo hapo hakuwa na habari na ana hiyo. Pengine si ajabu kwamba Sultani Barghash alipotoa pesa zake za shaba mwaka 1882 aliziwekea picha ya mizani.

Kuna mahali pengine ambapo bei hii ya reale na rupia iliandikwa kwa wino, na ni katika siasa. Sayyid Said alipofariki mwaka 1856, wanawe waligombea urithi. Thuwaini alikuwa Maskati, Majid alikuwa Unguja. Mwaka 1861 Lord Canning, mtawala wa Kiingereza nchini India, akaamua kesi: nchi zigawanywe, na Unguja iliyokuwa tajiri iilipe Maskati reale 40,000 kila mwaka. Baadaye malipo hayo yakachukuliwa na Serikali ya India ya Kiingereza, nayo haikulipa kwa reale. Ililipa rupia 86,400 kwa mwaka, yaani 7,200 kila mwezi.

Piga hesabu mwenyewe: 86,400 kwa 40,000 ni rupia 2.16 kwa reale. Kwa uzito ilipaswa kuwa kama rupia 87,500. Kwa hiyo Maskati ilipunjwa rupia 1,100 hivi kwa mwaka, kwa kalamu tu.

Lakini subirini. Kupunjwa huko hakukudumu, na hapa ndipo mambo yanapokuwa matamu. Tangu miaka ya 1870 fedha ilikuwa ikishuka bei duniani, kwa sababu nchi kubwa za Ulaya zilihamia kwenye dhahabu na migodi ya Marekani ilikuwa ikitoa fedha kwa wingi. Reale na rupia zote zilikuwa za fedha, hivyo zilishuka pamoja kama watu wawili ndani ya mtumbwi mmoja. Rupia iliyokuwa karibu shilingi 2 za Kiingereza ikaporomoka. Ndipo Juni 1893 serikali ya India ikafunga milango ya viwanda vyake vya sarafu: tangu siku hiyo mtu binafsi hakuweza tena kupeleka fedha yake ikatengenezwa rupia. Rupia zikawa adimu, bei yake ikajitenga na bei ya madini yaliyomo ndani yake. Kufikia 1899 ilikuwa imetulia kwenye shilingi 1 na peni 4.

(Kwa waliozaliwa juzi: pauni ya zamani ilikuwa na shilingi 20, na shilingi ilikuwa na peni 12. Kwa hiyo shilingi 1 na peni 4 maana yake ni rupia 15 kwa pauni.)

Reale haikuwa na serikali ya kuifungia milango. Iliendelea kuzama na madini yake. Kati ya 1900 na 1905, fedha iliyokuwa ndani ya reale moja haikufikia thamani ya rupia 1 na nusu. Aliyekuwa amefukia reale zake chini ya kitanda alikuwa amepoteza karibu theluthi moja ya rupia zake bila kuibiwa. Na Sultani wa Maskati, aliyepunjwa mwanzo, sasa akawa anapokea rupia zilezile 86,400 zenye uwezo wa kununua reale nyingi kuliko zile 40,000 alizoahidiwa. Mtu mmoja amepata, mwingine amekosa, na wote wawili hawakuwamo ndani ya chumba ulikofanyika uamuzi wa 1893.

Sasa mtaniuliza, Ufipa inaingiaje hapo?

Wafipa walikuwa na mali zao kabla ya sarafu. Walifua chuma katika tanuru ndefu zinazoitwa malungu, walifuma nguo za pamba, walibadilishana majembe na chumvi na mifugo. Biashara za ziwani Tanganyika ziliwaunganisha na Ujiji na hatimaye pwani, lakini mtu aliweza kuishi na kufa bila kushika rupia. Aliyebadilisha hilo ni Mjerumani.

Mwaka 1890 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilianza kutoa rupia yake, yenye sura ya Kaisari Wilhelm II. Angalieni ujanja wake. Wajerumani walikuwa na marki zao, lakini walijua kwamba watu wa huku wanaiamini rupia. Kwa hiyo waliipa sarafu yao uzito uleule wa rupia ya India na kuigawa pesa 64 vilevile. Kisha mwaka 1897 ikatolewa amri ya kodi ya nyumba, na kwa nyumba ya kawaida kijijini kodi ilikuwa rupia 3. Mwaka uliofuata, 1898, kituo cha jeshi kikajengwa Kasanga, kando ya ziwa, kikaitwa Bismarckburg. Magofu yake yapo hadi leo.

Kodi ilipowekwa kwa rupia, jembe halikutosha tena. Mwanzoni serikali iliwahi kupokea mazao au kazi badala ya sarafu, lakini lengo lilikuwa sarafu, na sarafu hukuweza kuifua kwenye lungu. Ilibidi ukaitafute: ubebe mizigo, ufanye kazi kituoni au misheni, uuze chakula, au uende kwenye mashamba ya mbali. Kwa maana hiyo Mfipa aliingizwa kwenye soko la fedha la dunia kabla hajajua liko wapi.

Mwaka 1904 Mjerumani akaikata rupia yake kutoka kwenye fedha ya India na kuifunga kwenye marki: rupia 15 kwa marki 20. Akafuta pesa 64, akaleta heller 100. Heller hiyo ndiyo baba wa neno "hela" tunalolitumia kila siku. Watu wengi hueleza mabadiliko hayo kama uhuru wa rupia ya Mjerumani. Mimi nikipiga hesabu naona kitu kingine. Pauni moja ilikuwa marki 20.43. Rupia 15 za India zilikuwa pauni moja. Kwa hiyo rupia ya Mjerumani na rupia ya India zilibaki karibu sawa kabisa, tofauti ni 2 kwa mia. Berlin ilibadilisha jina la bwana, bei ikaiacha palepale, maana ingeivuruga wafanyabiashara wangeikimbia.

Bei hiyo ilivunjwa na vita. Kati ya 1914 na 1916 koloni lilizingirwa na sarafu zikaisha. Benki ikachapisha noti za dharura, zikatiwa saini kwa mkono, kwenye karatasi yoyote iliyopatikana. Mwaka 1916 karakana ya reli Tabora ikageuzwa kiwanda cha sarafu: heller za shaba, na hata rupia 15 za dhahabu ya Sekenke zenye picha ya tembo. Juni 1916 Kasanga ikaangukia mikononi mwa majeshi yaliyotoka Rhodesia ya Kaskazini, na Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakaingia Tabora. Wafanyabiashara waliobaki na mabunda ya noti za Mjerumani waliona mali ikigeuka makaratasi. Sarafu ya fedha angalau ilikuwa na uzito wake.

Na sasa tunafika penye damu.

Vita vilipandisha bei ya fedha duniani. Rupia ya India, iliyokaa kwenye shilingi 1 na peni 4 kwa karibu miaka 20, ikaanza kupanda mwaka 1917. Kufikia Desemba 1919 ilikuwa shilingi 2 na peni 4, na Februari 1920 ilikwenda juu zaidi. Kenya na Uganda nazo zilitumia rupia. Walowezi wa Kizungu waliokuwa na mashamba Kenya wakapata homa. Walikuwa wanauza kahawa na katani London kwa pauni, lakini madeni yao benki na mishahara ya vibarua ilikuwa kwa rupia. Mwenye deni la rupia 15,000 alikuwa anadaiwa pauni 1,000. Rupia ikifika shilingi 2, deni lilelile linakuwa pauni 1,500.

Mabenki, kwa upande wao, hayakutaka rupia ishuke, maana wao ndio waliokuwa wakidai. Mwanzoni mwa 1920 serikali ya Uingereza ikaamua: rupia ya Afrika Mashariki itakuwa shilingi 2 moja kwa moja. Ikaitwa florini, na Januari 1922 florini ikagawanywa kuwa shilingi mbili za Afrika Mashariki, chini ya Bodi ya Sarafu iliyokaa London. Hapo ndipo ilipozaliwa shilingi yetu. Katikati ya hayo, rupia yenyewe huko India ilikuwa imeshaporomoka tena. Mwaka 1921 ilikuwa imerudi kwenye shilingi 1 na peni 4 na hata chini ya hapo. Kilele cha miezi michache kiligandishwa huku kwetu kama sheria ya kudumu.

Mabenki yalipata. Walowezi walikosa, nao wakatafuta wa kumbebesha. Wakampata kibarua. Mwaka 1921 waajiri wa Kenya walikubaliana kupunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja.

Fuateni mfano huu. Tuseme kibarua alikuwa analipwa rupia 6 kwa mwezi. Kwa bei ya zamani hizo ni shilingi 8. Kwa bei mpya ni shilingi 12. Ukimpunguzia theluthi, anarudi kwenye shilingi 8. Mlowezi angesema: sijamnyang'anya kitu, nimemrudisha alipokuwa. Sawa, lakini kodi je? Kodi ya nyumba ilikuwa rupia 5, ambazo zamani ni shilingi 6 na peni 8, chini ya mshahara wake wa mwezi mmoja. Mwaka 1920 ikapandishwa kuwa rupia 8, na hizo kwa bei mpya ni shilingi 16. Ni miezi miwili ya jasho. Mshahara ulihesabiwa kwa bei ya zamani, kodi kwa bei mpya. Huo ndio uchawi wa kubadilisha fedha ukiwa huna sauti.

Kijana mmoja aliyekuwa mpokea simu katika Hazina ya serikali Nairobi, Harry Thuku, aliyaona hayo. Mwaka 1921 akaanzisha chama kupinga kipande, kodi na kukatwa mishahara. Alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye watu walikusanyika nje ya kituo cha polisi alikowekwa. Mama mmoja, Muthoni Nyanjiru, aliwasuta wanaume kwa woga wao na umati ukasonga mbele. Polisi wakapiga risasi, na hesabu ya serikali yenyewe ilitaja watu zaidi ya 20 waliokufa, naye Muthoni akiwa miongoni mwao. Mwaka huohuo kodi ikashushwa hadi shilingi 12. Kumbe iliwezekana.

Sasa geukeni mtazame Unguja. Kisiwa hicho kilibaki na rupia yake, sawa na ya India. Bara rupia ilishakuwa shilingi 2, kisiwani ilikwenda na soko. Mwaka 1927 India iliifunga rupia kwenye shilingi 1 na peni 6. Unguja ilipoingia kwenye shilingi tarehe 1 Januari 1936, kila rupia ilibadilishwa kwa shilingi 1 na senti 50.

Hebu tusimame hapo. Rupia ya fedha ya India ilikuwa ileile, gramu 11.66. Kabla ya vita, shilingi 1 na peni 4. Mombasa mwaka 1920, shilingi 2. Unguja mwaka 1936, shilingi 1 na nusu. Sarafu haikuongezeka uzito wala haikupungua. Kilichobadilika ni nani alikuwa anadai, nani alikuwa anadaiwa, na nani alisikilizwa London.

Ukipenda, ongeza bei ya nne. Nchi za Ghuba nazo zilitumia rupia, na mwaka 1959 India ikawatengenezea rupia maalumu ya Ghuba ili kuzuia magendo ya dhahabu yasimalize akiba yake. Waunguja wenye asili ya Oman waliokimbilia huko baada ya Mapinduzi ya 1964 walikuta bei wanayoijua: rupia moja ilikuwa bado shilingi 1 na senti 50, kama ilivyokuwa Unguja mwaka 1936. Kisha tarehe 6 Juni 1966 India ikashusha thamani ya rupia yake, na ya Ghuba ikashuka nayo. Pauni iliyokuwa rupia 13 na theluthi ikawa rupia 21. Kwa hesabu hiyo rupia ikawa senti 95 za shilingi. Majirani wengi wa Ghuba waliikimbia, lakini Oman iliendelea nayo hadi 1970 ilipotoa rial yake, rial moja kwa rupia 21. Na huko bara ya Oman, reale za Maria Theresa zilikuwa bado zinatembea sokoni miaka hiyo!

Siku nane tu baada ya uamuzi ule wa Delhi, tarehe 14 Juni 1966, Benki Kuu ya Tanzania ilifungua milango na kuanza kutoa shilingi ya Tanzania. Kwa mara ya kwanza meza ya kupanga bei ilikuwa Dar es Salaam. Sisemi kwamba tangu hapo bei zote zimepangwa kwa haki. Waliokuwa watu wazima miaka ya 1980 wanajua tulivyosota. Nasema tu kwamba tangu hapo tuna mtu wetu wa kumuuliza.

Kwa hiyo, ndugu zangu, mtu akikuambia dola imepanda, usikunje uso ukaondoka. Muulize: nani analipwa kwa dola na nani analipwa kwa shilingi? Nani ana deni, na kwa fedha ipi? Kodi na nauli zinahesabiwa kwa bei ya jana au ya leo? Kibarua wa Kenya wa 1921 aliyajua maswali hayo bila kusomea uchumi.

Na kama kuna mtu wa Ufipa, awe Kirando, Kasanga, Namanyere au hapa mjini, ambaye bibi yake ameacha rupia ya Kaisari au heller ya Tabora ndani ya kibuyu, anitafute tafadhali. Sitaki kuinunua. Nataka kuipima uzito tu.